Mwana wa Tabora Apelekwe Shule Gani?

Kabla Unyamwezi haijaona ubao wala chaki, mtoto wa kiume alisomea njiani. Njia yenyewe ilikuwa na zaidi ya kilomita 800: ilitoka kwao, ikakata Ugogo penye kiu na hongo, ikateremka hadi Bagamoyo. Mvulana ambaye hajaota ndevu aliunga msafara wa baba au mjomba, akatwishwa kalasha, yaani pembe ndogo ya ndovu inayolingana na bega lake, akajifunza kila kitu kwa miguu: kufuata ngoma ya kirangozi aliyeongoza msafara, kujua kisima kipi hukauka mapema, kupima nguo kwa mkono, kutambua ushanga unaotakiwa na ule usiotakiwa tena. Richard Burton, aliyeingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 akiwa na John Hanning Speke, aliwaona watoto hao wakitembea na vipembe vyao na akawaandika. Aliyerudi kutoka pwani alikuwa mwanamume. Aliyebaki nyumbani alichekwa, na hata posa yake ilipokewa kwa kusitasita.

Kazeh hiyo ndiyo Tabora, na Cheyo ya leo ni mojawapo ya kata za manispaa yake. Mzazi wa Cheyo mwenye mwana wa miaka mitano haulizi tena msafara wa nani unaondoka lini. Anauliza mambo mengine: ampeleke shule ya serikali ya jirani, ile ambayo mitaani huitwa Kayumba, au atafute ada ampeleke ya mchepuo wa Kiingereza? Ya kutwa au ya bweni? Ya masista, ya Waislamu, au ya mfanyabiashara aliyenunua kiwanja na kupaka ukuta rangi? Maneno haya husikika kama ya juzi, kama kwamba yalizaliwa na soko huria la miaka ya 1990. Lakini ni miji michache Tanzania ambako suala la kumpeleka kijana wa kiume shule fulani badala ya nyingine limepitia mikono mingi kama hapa. Na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, mzazi alishauriwa tu. Kauli ya mwisho ilikuwa ya mtu mwingine.

Wa kwanza kuwa na njia mbili za kumlea kijana walikuwa wafanyabiashara Waarabu waliotoka Unguja na kujenga matembe yao Kazeh. Kwao mtoto alianzia chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, akahitimu, kisha akaingizwa kwenye biashara. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamwita Tippu Tip. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amekita mizizi Tabora na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mwana alilelewa Unguja, na mwenyewe anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alianza safari za karibu, za sandarusi, akiwa na umri wa miaka 12. Alipokua kidogo baba akamchukua kwenda naye bara. Kwa hesabu ya leo angekuwa darasa la saba, anasubiri matokeo.

Chuo cha Kurani hakikufa baada ya biashara ya pembe kufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha tarika ya Qadiriyya katika bara, chini ya Sheikh Zahor bin Muhammad, na watoto walioanzia alifu na be kwenye baraza za mji huu walikuwa wengi kuliko walioona kitabu cha misheni. Wazungu waliokuja baadaye waliwahesabu watoto hao kuwa hawajasoma. Hesabu hiyo ilikuwa na madhara ya muda mrefu, kwa sababu mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe apate kazi ya ukarani alilazimika kuchagua kati ya kalamu na dini, au kumgawa mtoto mchana na jioni. Hadi leo kuna watoto Tabora wanaovua sare ya shule saa tisa na kuvaa kanzu saa kumi.

Wamisionari waliingia kwa njia ile ile ya msafara. Wamisionari wa Afrika, ambao kila mtu aliwaita White Fathers kwa kanzu zao nyeupe, walifika Tabora mwaka 1878, na baadaye wakaweka makao Kipalapala, nje kidogo ya mji, wakikusanya watoto yatima na waliokombolewa utumwani. Upande wa Urambo, Mtemi Mirambo aliwakaribisha watu wa London Missionary Society mwaka 1879. Daktari wao, Ebenezer Southon, alikaa naye kwa urafiki hadi alipofariki mwaka 1882. Mirambo alitaka dawa, bunduki na habari za dunia. Kuhusu kuwakabidhi vijana wake wakae darasani hakuwa na haraka.

Kwa hiyo wanafunzi wa mwanzo wa misheni, kwa sehemu kubwa, hawakuchaguliwa na wazazi. Walikuwa hawana wazazi. Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri hao hao huko Algeria na kusomeshwa utabibu Malta, alipita njia ya bara akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Elimu bora kabisa iliyopatikana magharibi mwa Tanganyika katika karne ya 19 ilimwangukia kijana ambaye hakuna mzee wa ukoo aliyemtafutia.

Wajerumani walikuja na moto kwanza. Januari 1893 Mtemi Isike, boma lake lilipozingirwa, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Baadaye wakaleta reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, na mtindo wa elimu uliokuwa umeanzia Tanga katika miaka ya 1890: kusomesha vijana kwa Kiswahili wawe makarani, walimu na maakida. Ubelgiji ikauteka mji mwezi Septemba 1916, kisha Waingereza wakaurithi. Hapo ndipo simulizi inanoga.

Mwaka 1922 serikali ya Uingereza ilianzisha Shule ya Tabora. Wanafunzi waliotakiwa walikuwa wana wa watemi na machifu wa Tanganyika nzima, siyo watoto wa Tabora tu. Sababu ilikuwa ya kiutawala. Nchi ilikuwa kubwa, maofisa walikuwa wachache, na baada ya Gavana Donald Cameron kuwasili mwaka 1925 utawala wa kupitia machifu ukawa ndiyo sera yenyewe. Chifu atakayeendesha baraza, kuandika hukumu na kutunza hazina ya wenyeji alipaswa kujua kusoma, kuandika na kupiga hesabu. Basi mwanawe achukuliwe angali mdogo.

Wazo hilo halikuzaliwa Tabora. Mwaka 1906 wamisionari wa Kanisa la Uingereza walifungua King's College Budo juu ya kilima ambako Kabaka wa Buganda alikuwa akitawazwa, na mwaka huo huo serikali ikafungua shule ya Bo, Sierra Leone, kwa ajili ya watoto wa machifu wa bara. Ukienda mbali zaidi unafika Uingereza kwenyewe. Maofisa waliotawala Tabora walikuwa, wengi wao, vijana walioondolewa kwa mama zao wakiwa na miaka saba au minane, wakatiwa katika shule ndogo za bweni za kulipia ambazo kazi yake ni kumwandaa mvulana kwa shule kubwa za kitajiri kama Eton, iliyoanzishwa mwaka 1440. Huko walioga maji baridi, wakatii viranja, wakacheza kriketi, wakatoka wakiwa watawala. Walipoambiwa watengeneze tabaka la watawala wa Kiafrika walijenga kitu walichokijua. Haikuchukua muda shule ikapewa jina la utani, Eton ya Tanganyika, na walioitumia lugha hiyo hawakuwa wanatania sana.

Hata hivyo si Waingereza wote walikubaliana. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Malangali, kule nyanda za juu kusini, mwalimu mkuu W. B. Mumford alijaribu kinyume chake: wanafunzi wake wavae vazi la jadi, washike mikuki, wafunzwe na wazee pamoja na walimu, ili wasiwe wageni kwao. Jaribio lile lilivutia wageni wengi na likafa. Wazazi walichotaka ni kile walichokiona Tabora, kwa sababu walichokiona Tabora kilikuwa na mshahara mwishoni. Ni jambo ambalo wataalamu wa elimu wamelisahau na kulikumbuka mara kadhaa tangu wakati huo.

Orodha ya waliopita pale inafanana na daftari la mahudhurio la nchi yenyewe. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Wahehe, baadaye akawa Spika wa Bunge. Abdallah Said Fundikira, aliyezaliwa Tabora mwaka 1921 katika ukoo ule ule wa mtemi aliyekuwa mkwe wa baba yake Tippu Tip, alisoma hatua chache kutoka kwao, akaenda Makerere, akawa mtemi wa Unyanyembe na kisha waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Kidaha Makwaia alitoka Usukumani. Rashidi Kawawa hakuwa mwana wa chifu. Alipomaliza Tabora aliiacha nafasi ya Makerere akatafuta kazi ili awasomeshe wadogo zake, uamuzi ambao familia nyingi za Tanzania zinaufahamu bila kuhitaji maelezo.

Na yupo yule wa Butiama.

Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki alikuwa na wake 22 na watoto 26. Kumtoa mmoja kwa ajili ya shule hakukuwa jambo la kusumbua ukoo, wala mwanawe Kambarage, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Julius Nyerere, hakuwa mrithi. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alivutiwa na akili za kijana huyo kwenye bao akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, umri ambao Hamed bin Muhammed alianza safari zake, Kambarage alikwenda Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka kwao. Miaka mitatu baadaye aliongoza mtihani, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Hapo utaona mabadiliko yaliyokwisha kupita kimyakimya: katika miaka ya 1930 mlango ulianza kufunguliwa kwa alama za mtihani, siyo kwa jina la baba peke yake. Kambarage alikuwa na vyote viwili, lakini kilichomwingiza ni alama.

Wasifu wake unasimulia kwamba hakuridhishwa na marupurupu ya viranja, akayasema, na baadaye akafanywa kiranja mwenyewe. Utawala wa shule ulijua kazi yake. Alitoka hapo kwenda Makerere mwanzoni mwa mwaka 1943, akarudi na stashahada ya ualimu, na ndipo ukaja uamuzi ambao wazazi wa Tabora wangepaswa kuujua kwa moyo.

Wakati huo mji ulikuwa na shule mbili za wavulana zilizotazamana kwa wivu. Moja ya serikali, ile ile aliyosoma. Nyingine St. Mary's, ya White Fathers, shule ya binafsi kwa maana ya siku zile: haikuwa mali ya dola, iliishi kwa ruzuku, ada na sadaka za Wakatoliki wa mbali. Zote mbili zilimtaka Julius Nyerere afundishe. Upande wa serikali ulimkumbusha kwa barua kwamba miaka atakayofundisha misheni haitahesabiwa katika pensheni. Barua hiyo ilimaliza mjadala, ila siyo kwa namna iliyotarajiwa: akaenda St. Mary's. Alifundisha historia na biolojia huko kuanzia mwaka 1946, chini ya Padri Richard Walsh, Mwairishi, ambaye alisaidia pia kumtafutia nafasi ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Kijana wa Kitanganyika aliyezaa taifa alisomeshwa na serikali, akafundisha shule ya kanisa, na kwenye mji mmoja.

Wakati mapadri na serikali wanagombea walimu, watoto wengine hawakuwamo kabisa katika mashindano hayo. Ukoloni ulipanga elimu kwa rafu tatu, za Wazungu, Wahindi na Waafrika, na kila rafu ilikuwa na bajeti yake. Jumuiya za Wahindi, Waismailia miongoni mwao, ziliendesha shule zao mijini na kuchangishana wenyewe kuzijaza walimu. Watoto wa Kizungu walipandishwa treni. Arusha School ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1934. Na mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulipoanza baada ya Vita Kuu ya Pili, Urambo ikiwa mojawapo ya maeneo yake matatu, shule ya bweni ya watoto wa Kizungu ilifunguliwa Kongwa mwaka 1948. Karanga zilishindwa vibaya. Shule haikushindwa: ilihamia Iringa, ikaitwa St. Michael's and St. George's, na majengo yake ndiyo yaliyokuja kuwa Mkwawa. Baba Mzungu wa Tabora, awe wa reli au wa bomani, aliyekuwa na mwana wa miaka minane alikuwa na chaguo la Arusha, Kenya au meli ya kwenda Uingereza, na alilalamika kuhusu ada kama mtu mwingine yeyote.

Rafu hizo zilivunjwa kwa sheria kuanzia Januari 1962. Miaka mitano baadaye, baada ya Azimio la Arusha, ilitoka sera ya Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazichukua shule za misheni na za jumuiya, zikawa za serikali. Mwalimu aliyewahi kuitupa pensheni ya serikali ili afundishe shule ya mapadri sasa alikuwa rais aliyezitaifisha shule za mapadri. Wakosoaji wake waliliona hilo kuwa usaliti. Yeye alikuwa na hesabu nyingine: nchi ambayo Wakristo wa Kilimanjaro na Bukoba walikuwa wametangulia mbali, na Waislamu wa miji kama Tabora wakiachwa nyuma, isingekaa salama. Mtu anaweza kubishana na njia aliyotumia. Tatizo lenyewe halikuwa la kubuni, na baraza za Tabora zilikuwa ushahidi wake.

Kwa robo karne iliyofuata, swali la shule ya msingi ya binafsi kwa mwananchi wa kawaida lilikuwa limefutwa. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973, Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kila mtoto aingie darasani, na kufikia mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote, UPE, ikawa inasukumwa nchi nzima. Madarasa yalijaa. Walimu walitafutwa popote, wengine wakiwa ndio kwanza wamemaliza darasa la saba, na jina la walimu wa UPE likabaki kuwa utani unaouma. Lakini mtoto wa mpagazi wa stesheni na mtoto wa mkuu wa wilaya walikaa dawati moja, na hilo Tanzania haijaweza kulirudia.

Mlango mmoja mdogo ulibaki wazi, na ulikuwa wa wavulana peke yao. Seminari hazikutaifishwa. Jimbo la Tabora lilikuwa na seminari yake ndogo Itaga, na Kipalapala, ile ya watoto waliokombolewa, ilikuwa seminari kuu iliyopokea vijana kutoka majimbo mengi. Rasmi, mvulana wa Kikatoliki aliingia seminari ndogo kwa sababu alisikia wito. Kwa faragha ya sebule, wazazi wengi walijua kwamba ndiyo shule pekee ambako Kiingereza, Kilatini, maktaba na nidhamu ya kengele bado vilipatikana bila baba kuwa balozi. Maparoko nao walijua kwamba wazazi wanajua. Walichuja kwa barua za ubatizo, mahudhurio ya misa na tabia, na bado waliotoka bila upadri walikuwa wengi mno kuliko waliopata daraja: wakawa mawakili, madaktari, wahariri, mawaziri. Kanisa halikupata hasara kamili. Lilipata walei waliokuwa na uwezo wa kusoma mkataba.

Kulikuwa pia na jitihada za wazazi wenyewe. Chama chao, TAPA, kilianzishwa mwaka 1955 na kikaendesha vishule vya uani na vya chini ya mwembe wakati serikali ya kikoloni ikisema haina fedha. Baadaye, kikiwa jumuiya ya Wazazi ya chama tawala, kikajenga sekondari nyingi za kulipia. Na kadiri uchumi ulivyokaza miaka ya 1980, wenye nacho walianza kuvusha watoto mpaka. Kenya kwanza, kisha Uganda ilipotulia. Tranka, godoro, ndoo, sabuni za kipande, na mtoto wa miaka tisa akikabidhiwa kwa kondakta wa basi. Katika mji ambao mababu walimtuma mvulana wa umri huo Bagamoyo na kalasha begani, huenda ilionekana si jambo geni. Ila babu alikwenda naye.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikiri kilichokuwa kikitokea na kuwaruhusu watu binafsi kufungua shule za msingi. Shule za mchepuo wa Kiingereza zikaota, Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kwanza, Tabora kwa kuchelewa, kwani ni mji wa reli na wa mishahara ya serikali, ambao fedha yake ya kuonekana ni ya tumbaku na asali. Tumbaku ina kalenda yake. Mkulima wa Urambo, Sikonge au Kaliua huuza kupitia chama chake cha ushirika, AMCOS, baada ya mvua kuisha, na malipo yakichelewa huchelewa haswa. Shule hudai ada Januari, mwezi ambao shamba linameza fedha badala ya kuzitema. Shule binafsi ya mkoa huu inayokataa kupokea ada kwa mafungu itakosa wanafunzi, na wamiliki wamelijifunza hilo.

Serikali nayo haikulala. Ada ya msingi, iliyorudi kwa mlango wa uchangiaji, ilifutwa tena mwaka 2001, madarasa yakafurika kwa mara ya pili, walimu wakapikwa haraka. Kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Kila wimbi la namna hii limesukuma kundi jingine la wazazi wa kipato cha kati kutoka Kayumba, kwa hofu ya darasa lenye watoto kupita kiasi, na kila wimbi limewaacha wasioweza kuondoka wakiwa na sauti ndogo zaidi kwenye mkutano wa wazazi. Hili halizungumzwi sana kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu elimu wamekwisha kuwaondoa wa kwao.

Anayempeleka mwanawe mchepuo wa Kiingereza huko Cheyo ananunua nini? Kimsingi ananunua lugha. Sekondari zote hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto wa Kayumba anafika kidato cha kwanza akiwa amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba, kisha anaamshwa asubuhi moja na kuambiwa seli, mmeng'enyo na kani sasa vina majina mengine. Mwenzake hana mshtuko huo. Je, anajua sayansi zaidi? Si lazima. Kuna shule za kulipia ambako mtoto hukariri sentensi nzuri za Kiingereza kuhusu kitu ambacho angekielewa kwa dakika tano kwa Kiswahili, na mzazi, akisikia matamshi, hulala usingizi mzuri. Ananunua pia idadi ndogo ya watoto darasani, chakula cha mchana na mwalimu anayeweza kupigiwa simu. Hivyo vina thamani ya kweli.

Na kwa muda mrefu alinunua bweni. Wazazi wa mkoa wenye mapori na umbali mkubwa walilipenda, hasa wafanyabiashara na watumishi wanaohamishwa hamishwa, na shule zililipenda zaidi kwa sababu bweni ndilo lenye faida. Watoto wa awali, wa miaka mitano, walikuwa wakilala dahalia. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kuanzia tarehe 1 Machi, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu iliyotolewa ilikuwa malezi: mtoto wa umri huo anahitaji familia yake. Wamiliki walilalamikia hasara na mikopo ya benki. Baadhi ya wazazi walilalamika kuliko wamiliki. Nchini Uingereza, nchi iliyoipa Tabora mtindo wake, shule za kumlaza mtoto wa miaka minane zimekuwa zikipungua na kukosolewa na watu wazima waliokulia humo. Waraka wa Dodoma uliwatangulia wakosoaji hao katika kuugeuza ukosoaji kuwa amri.

Mvulana akifika darasa la saba, hesabu hubadilika ghafla. Ada zote zilizolipwa, basi la asubuhi, tuisheni ya Jumamosi na mitihani ya majaribio isiyokwisha hulenga orodha moja inayotolewa na serikali: waliochaguliwa shule za vipaji maalumu. Orodha hiyo ni fupi. Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora Girls na Tabora Boys. Hii ya mwisho ndiyo ile ya mwaka 1922, ya wana wa machifu, ambayo sasa haina ada na inapokea watoto kutoka kila mkoa. Kwa hiyo kuna baba Cheyo ambaye amelipa shule ya binafsi kwa miaka saba akitumaini kwamba mwanawe atashinda nafasi katika shule ya serikali iliyo mji huo huo, na yupo jirani yake mwenye mtoto Kayumba anayeitafuta nafasi hiyo hiyo kwa daftari, kandili na mwalimu mmoja mkali wa hesabu. Matokeo yakitoka, majina yao hupangwa kwa alfabeti.